Ngoma Ikilia, Tupa Inakata: Siku Yangu Moja Nyuma ya Jukwaa, Lamu

Saa kumi na mbili asubuhi

Punda wa mchanga hawajaanza kupita hapa Langoni, nami nishafungua faili langu jeusi. Ndani mna tamthilia nzima. Kila karatasi imechapwa upande mmoja. Upande wa pili ni mweupe, na huo mweupe ndio kazi yangu. Hapo naandika kila taa inapowaka na kuzimika, kila mlio, nani anaingia na kwa mlango gani. Naandika kwa penseli, maana mpaka siku ya mwisho mambo hubadilika.

Mimi ni meneja wa jukwaa. Usiku wa onyesho mwongozaji huketi na watazamaji, kazi yake imekwisha, na mimi ndiye ninayeliendesha kutoka humu kwenye faili. Faili lazima liandikwe kwa namna ambayo nikiugua ghafla, mwingine ataketi kitini pangu, asome alama zangu, na watazamaji wasijue kwamba kuna kilichobadilika.

Tunaigiza kisa cha Fumo Liyongo, shujaa na mshairi wa kale wa Waswahili, kama tamthilia ya muziki: watu wanazungumza, wanaimba na kucheza, vyote vikiusukuma mkasa mmoja. Leo ni mazoezi ya ishara, yaani ya kila taa na kila mlio kuja kwa wakati wake. Vijana wawili wanaojifunza kazi hii watakuwa nami tangu asubuhi, mmoja mvulana wa Shela, mwingine msichana wa Mkomani aliyemaliza shule mwaka jana.

Saa mbili

Mkunguni, mbele ya Ngome. Tunaonyesha kwenye uwanja wake wa ndani. Ngome ilijengwa kati ya 1813 na 1821, kisha tangu enzi za Waingereza mpaka 1984 ikawa jela. Liyongo wetu anafungwa minyororo mahali ambapo watu walifungwa kweli, na baadhi ya wazee wanaopita kututazama wanaikumbuka jela hiyo. Fundi wa mandhari alikuwa ameshachora ukuta wa gereza wa mbao. Mwongozaji aliuondoa, na nadhani alifanya vyema, kwani ukuta wa mbao mbele ya ukuta huu ungekuwa uongo.

Humu hatupigi msumari. Mji mkongwe uko kwenye orodha ya turathi za dunia tangu 2001, na hata bila orodha hiyo mawe haya ya matumbawe yana umri wa kuheshimiwa. Taa zinasimama kwenye miguu yake, na kila mguu umewekewa gunia la mchanga.

Nawafundisha vijana kuweka alama sakafuni kwa utepe wa rangi: mwekundu ni gereza, buluu ni nyumba ya mamake Liyongo. Kulia na kushoto kwa jukwaa huhesabiwa kwa mwigizaji anayewatazama watazamaji, na wageni wa kazi hii huchanganyikiwa kwa sababu wao wamesimama upande wa pili. Kwa hiyo kikundi chetu kinasema "upande wa bahari" na "upande wa mji". Hakuna mtu wa Lamu asiyejua bahari iko wapi.

"Sasa mkubwa hapa ni nani?" msichana ananiuliza.

Namwambia inategemea jambo lenyewe. Pesa, kibali cha ukumbi na tikiti ni za mtayarishaji. Hadithi, na vipi inasimuliwa, ni ya mwongozaji. Kiongozi wa muziki akisema mwimbaji ameshuka sauti, mwongozaji hamjibu. Lakini mtu akitaka kupanda juu ya lile sanduku wakati halijakazwa, neno langu linatosha, hata kama anayetaka kupanda ni mwongozaji mwenyewe.

Saa nne

Mazoezi ya sauti. Kiongozi wa muziki anawalaza waigizaji wote chali sakafuni, mikono tumboni, waone pumzi inaingilia wapi. Tumbo lipande, mabega yatulie. Kisha wanasimama na kuimba huku wanatembea, wanainama, wanabeba vikapu.

Anayeigiza Saada, kijakazi wa Liyongo, alilelewa kwenye taarabu ya harusini na sauti yake ni ya kuogopesha kwa uzuri. Shida ni kwamba mwimbaji wa taarabu husimama kama yeye mwenyewe: anawaimbia waliohudhuria, wao wanamtunza, naye anarudia ubeti uliopendwa. Humu hawezi kurudia ubeti. Humu ni Saada, anawaogopa walinzi, na yuko mbioni.

"Dadangu," kiongozi wa muziki anamwambia, "usituimbie sisi. Muimbie huyo mlinzi mwenye mkuki, umsahaulishe kutazama kikapu."

Anaimba tena. Sauti ni ndogo kuliko mwanzo, na mimi nimesimama pale na penseli yangu nikihisi hofu ya kweli kwamba mlinzi atatazama kikapu.

Hapo nawavuta vijana wangu kando, maana hili ndilo ninalotaka walijue kuliko lolote. Katika tamthilia ya muziki, wimbo lazima ufanye kazi. Uondoe wimbo: kama hadithi inaendelea bila kujali, wimbo huo ulikuwa pambo. Wanaosoma fani hii hutajiwa Oklahoma! ya New York, 1943, ambamo Agnes de Mille aliitumia dansi kuonyesha woga wa msichana bila neno moja kusemwa. Ni mfano mzuri. Lakini kisa cha Liyongo kina jambo hili tangu zamani. Yuko gerezani, walinzi wanasikia kila anachosema, basi anampa Saada ujumbe kwa wimbo: mama aoke mkate mzuri, na mwingine wa wishwa, na ndani ya huo wa wishwa atie tupa, kile chuma cha kukwangulia na kukatia chuma kingine. Walinzi wanakula ule mzuri na kumwachia mfungwa makapi. Bila wimbo tupa haifiki, na bila tupa hakuna anayetoka.

Saa tano na nusu

Dansi. Tuna mwalimu wa miondoko, kijana hodari, na tuna mzee mmoja aliyecheza kirumbizi, ile ngoma ya fimbo, tangu ujana wake, aliyekuja siku moja kutazama na hakuacha kuja. Leo anasimamisha mazoezi kwa bakora yake.

"Mwanangu, hivyo unapiga nyoka. Mtazame mwenzako mato. Fimbo itajua yenyewe."

"Sawa, babu."

Wanarudia. Mwalimu wa miondoko anahesabu moja mpaka nane kama alivyofundishwa, wapiga ngoma wanapotea. Mzee anasema fuateni upatu, ile sahani ya shaba inayopigwa kwa kijiti. Wanaufuata upatu, na miguu ishirini inatua pamoja. Mwalimu anaandika hilo bila kinyongo, na mimi naliandika kwenye faili: hesabu za onyesho hili ni za upatu.

Milango huwa hatuifungi wakati wa mazoezi. Kamiriithu, kule Limuru, mwaka 1977, Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ walifanya mazoezi hadharani, na wanakijiji wakawasahihisha waigizaji lugha, nyimbo na mwendo mpaka tamthilia ikawa yao. Serikali ililipiga marufuku onyesho lile. Lakini namna ile ya kufanya kazi haikufa, na kila mzee huyu anapoinua bakora nashukuru kwamba hatukufunga mlango.

Saa saba

Adhuhuri, kisha wali na samaki wa kupaka. Tunakula wote sinia moja moja, waigizaji na mafundi. Nusu saa ya kulala kwa anayetaka.

Saa nane na nusu

Meza ya vifaa. Kila kifaa kina nafasi yake iliyochorwa kwa kalamu na kuandikwa jina, na kifaa hurudi papo hapo. Nafasi ikiwa tupu, kabla hata ya kuuliza unajua kinachokosekana.

Mkate umempa kazi mama anayesimamia vifaa. Lazima Liyongo aumege mbele ya watu na tupa itoke. Mkate wa plastiki haumegeki. Mkate wa jana umekauka, unavunjika kabla ya wakati wake. Amekata shauri: mkate mpya utaokwa kila alasiri ya onyesho, utapasuliwa chini kwa kisu na tupa kusukumwa ndani ukiwa bado na joto. Tupa yenyewe ni ya mbao iliyopakwa rangi ya chuma, kwa sababu hatumpi mwigizaji anayetokwa na jasho chuma chenye makali karibu na mikono yake.

Tupa ya mbao haina mlio, hata hivyo. Mlio unatoka nyuma ya nguzo ya upande wa mji, ambako mpiga ngoma mmoja anakwangua kipande cha nondo kwa tupa ya kweli.

Saa kumi

Baada ya Alasiri, ishara kwa ishara. Maneno yote yaliyo katikati tunayaruka; tunakwenda kutoka ishara moja ya taa au sauti hadi nyingine. Ni kazi ya kuchosha, waigizaji wanasimama sana, na mtu asiyejua angesema hatufanyi lolote.

Nina redio ya mkononi, fundi taa ana yake, fundi sauti ana yake. Natangulia kuwatahadharisha: "Jiandaeni, taa 31 na sauti 12." Wanajibu. Kisha: "Taa 31… piga." Neno "piga" ni marufuku kwenye redio kwa jambo jingine lolote, kwa kuwa fundi aliyeweka kidole kwenye swichi hasubiri kufikiri.

Tunafika kwenye gungu, ngoma ya kale ya Waswahili. Liyongo ameomba achezewe gungu kabla ya kuuawa, na yeye mwenyewe anawafundisha watu kupiga. Pembe, matoazi, ngoma. Zikilia, anakata minyororo. Zikinyamaza, anaacha. Umati wote unacheza furaha yake ya mwisho bila kujua kwamba unamsitiri. Sijui tukio lolote la jukwaani, la hapa au la ng'ambo, ambamo muziki unafanya kazi kubwa kuliko hii.

Mara tatu ngoma zinakatika ghafla. Mara tatu tupa lazima ikatike nazo, na taa ya gereza ishuke. Tunajaribu, na tupa inabaki nyuma kidogo. Mkwaruzo mmoja unasikika peke yake uwanja mzima. Mlinzi yeyote angegeuka. Tunajaribu tena, ni vile vile. Mvulana wa Shela, aliyekuwa kimya tangu asubuhi, ananigusa bega.

"Mpiga tupa anangoja kusikia kimya. Akishakisikia, amechelewa."

Ni kweli kabisa. Namtoa mpiga tupa nyuma ya nguzo, namweka mahali anapouona mkono wa mpiga upatu. Mkono ule huinuka juu kabla ya pigo la mwisho. Yeye anafuata mkono, Liyongo anafuata upatu aliouzoea, na mimi naita taa mkono unapoinuka, si unapotua. Tunajaribu. Vyote vinakatika pamoja.

Mlinzi wa kwanza anageuza kichwa polepole. Msichana wa Mkomani ameziba mdomo kwa kiganja.

Mwongozaji anataka kimya cha pili kiwe kirefu kuliko cha kwanza, na cha tatu kirefu zaidi. Nafuta, naandika upya.

Saa moja na nusu usiku

Magharibi imepita. Tunaipitia sehemu ya kwanza nzima, mavazi yakiwa mwilini. Kilemba cha Liyongo kinafunguka. Fundi wa mavazi atakishona. Kubadilisha nguo za mamake kunachukua muda mrefu kuliko wimbo unaokufunika, kwa hiyo kiongozi wa muziki anaongeza mapigo manane ya zumari.

Saa nne usiku

Nyumbani, ripoti ya mazoezi. Huandikwa kila siku na kutumwa kwa kila idara usiku huo huo: tulianza lini, tulimaliza lini, nani alichelewa, nini kimebadilika. Leo sehemu ya tupa nimempa mvulana wa Shela aiandike mwenyewe, na ameiandika vizuri: "Ishara ya taa 31, 33 na 35 sasa inachukuliwa kwa mkono wa mpiga upatu." Naongeza mwito wa kesho. Wapiga ngoma na mpiga tupa saa tatu asubuhi, waimbaji saa nne, Saada aje na maji ya tangawizi, na mama wa vifaa aoke mikate miwili.