Mkataba wa Ujerumani tuliusoma nusu

Kila nikiingia Facebook lazima nikutane na tangazo la kazi Ujerumani, nafasi 250,000, wahi mapema, na bendera mbili zimebandikwa pembeni, yetu na ya Wajerumani. Hiyo namba imekataa kufa jamani. Mkataba wenyewe, ule wa Kenya na Ujerumani kuhusu watu kwenda kufanya kazi kule, ulisainiwa Berlin tarehe 13 Septemba 2024, waziri Musalia Mudavadi upande wetu na Nancy Faeser aliyekuwa waziri wao wa mambo ya ndani, Rais Ruto na Scholz aliyekuwa kansela wao wakishuhudia, na hata wino haujakauka habari zikawa zimeshasambaa ati Wakenya robo milioni wanaitwa. Wizara ya Faeser ikaandika kwenye X kwamba mkataba hauna namba yoyote. Hiyo sehemu hapa kwetu wengi hawakuisikia, ama walisikia wakajifanya hawajasikia.

Sasa kabla hamjanirukia, mimi naunga mkono serikali kukaa chini na serikali nyingine wakaandikiana haya mambo. Tumeshaona watu wakienda kivyao inakuwaje. Tumeona mabinti zetu Saudia, pasipoti inachukuliwa na tajiri siku ya kwanza, halafu nyumbani watu wanafungua grupu ya WhatsApp ya kuchangisha pesa za kurudisha mwili. Na huko pia kuna makubaliano ya serikali, kwa hivyo sisemi kusaini peke yake kunatosha, nasema bila kusaini huna hata pa kuanzia kulalamika.

Uzuri wa huu wa Ujerumani uko kwenye vipengele ambavyo havipigiwi kelele. Viza za muda mrefu kwa wanaoenda kusoma au kujifunza ufundi. Viza hiyo ikiisha, anayesoma au kujifunza ufundi anaweza kupewa kibali cha kukaa cha mpaka miaka miwili. Watu wa IT wanaweza kuingia hata bila cheti rasmi, bora kazi waijue. Wengine wengi, cheti chako lazima kitambuliwe kule kwanza, na hapo ndipo pana kazi. Wakati mkataba unasainiwa kulikuwa na mradi wa majaribio wa madereva wa basi kutoka Kenya kule Flensburg, kaskazini kabisa karibu na mpaka wa Denmark. Unajua walikuwa wangapi? Watano. Weka hiyo kando ya 250,000 uone.

Mtoto wa shangazi yangu ni nesi, ana diploma, na miezi kadhaa sasa amening'inia kwenye Kijerumani. Jioni ukimpigia simu unamkuta anasoma der, die, das kwa sauti mtoto akiwa mgongoni, ati meza ni mwanaume na taa ni mwanamke, sijui nani aliamua hivyo. Kuna siku alinipeleka kwa ajenti mmoja tao, ofisi ya chumba kimoja, ramani ya Ulaya ukutani na kalenda ya mwaka uliopita. Jamaa hakumuuliza amefika kiwango gani cha lugha, hakumuuliza leseni ya unesi, alimwambia tu, "Madam, hii ni ya serikali, slot zinaisha, laki na nusu unashika yako." Nikamuuliza slot gani na mkataba hauna namba, akaniangalia vile mtu anaangalia shemeji asiyetakiwa, akaendelea kumwongelesha yeye. Tukatoka.

Na ukweli ni kwamba nesi hanunui slot. Anahitaji lugha mpaka B2 mara nyingi, yaani kiwango cha nne kati ya sita, makaratasi yake yatafsiriwe, yapelekwe kwa mamlaka ya jimbo analoenda, wayapime, wakiona pengo afanye mtihani au mafunzo ya ziada hospitalini kwao ndio atambuliwe kama nesi kamili. Ni mwendo mrefu na unachosha, lakini uko wazi. Serikali yetu ingetangaza hatua hizi kwa nguvu ileile iliyotumika kushangilia mkataba, huyu jamaa wa kalenda angefunga ofisi.

Halafu kuna ile nusu nyingine. Ule mkataba ni wa kwenda na wa kurudi. Kenya ilikubali kurahisisha kurudishwa kwa Wakenya wasio na ruhusa ya kukaa Ujerumani, na hata pasipoti au kitambulisho kilichoisha muda kitatosha kumtambua mtu arudi. Kwa Wajerumani hiyo ndiyo ilikuwa habari yenyewe. Angalia tu tarehe: Agosti 23 watu watatu wameuawa kwa kisu katika mji wao wa Solingen na mshukiwa ni Msyria ambaye alitakiwa awe ameshaondolewa nchini, Septemba 1 chama cha AfD, kile kinachopinga wahamiaji, kimeongoza uchaguzi wa jimbo la Thuringia, na siku tatu baada ya kusaini na sisi wakaanza ukaguzi kwenye mipaka yao yote ya nchi kavu. Scholz alihitaji kuonyesha watu wake kwamba kuna wanaorudishwa, Ruto alihitaji kuonyesha vijana kwamba kuna wanaoenda. Kila mtu akarudi nyumbani na nusu yake.

Mimi binafsi sina shida na hilo la kurudishwa, nchi kukubali watu wake ni kawaida, na ukitaka mwenzako afungue mlango lazima na wewe utoe kitu. Kinachoniudhi ni kwamba mtu anauza shamba la mamake kulipa ajenti, anaenda na viza ya kutembea akiambiwa "ukifika utajipanga", na hakuna aliyemwambia kwamba serikali yake mwenyewe imeshasaini jinsi atakavyorudishwa.

Kama kuna mtu nyumbani kwenu ameshaanza kuongea na ajenti, tafuteni kwanza jina la kampuni kwenye orodha ya National Employment Authority, ile mamlaka ya ajira ya serikali yetu, muone kama leseni iko hai, halafu muulize mwajiri ni nani na mkataba wa kazi uko wapi. Akianza kuongea mambo ya slot, ondokeni. Mtoto wa shangazi bado yuko B1, kiwango kimoja chini ya B2, nimemwahidi nitamlipia ada ya mtihani, ila nikisikia amerudi kule kwa ramani tutakosana kabisa.