Mimi naipigia kura Humber

Swali la aina gani ya manowari istahili kuwekwa juu ya nyingine huwafanya watu wakimbilie ukubwa wa mizinga. Jana jioni kwenye kahawa hapa Dodoma, mzee mmoja mstaafu wa reli aliishikilia Iowa ya Marekani: meli nne, kila moja mizinga tisa ya inchi 16, mwendo wa noti 33, na kwenye sitaha ya Missouri ndiko Japani ilikotia saini kusalimu amri, 2 Septemba 1945. "Kijana wangu, hapo kuna ubishi tena?"

Fundi simu mmoja akaitaja Fletcher ya Marekani, manowari nyepesi zilizojengwa 175, zikasindikiza misafara, zikawinda nyambizi. Hoja nzito hiyo. Yamato ya Japani wala sikuijibu: mizinga ya sentimita 46, na bado ndege ziliizamisha Aprili 1945 kabla haijafika Okinawa.

Nikasema Humber. Wakanishangaa.

Zilikuwa tatu tu, Humber, Severn na Mersey, bapa, za kina kifupi, zilizojengwa Uingereza kwa ajili ya mito ya Brazil. Vita vilipoanza 1914 Waingereza wakazichukua. Septemba mwaka huo manowari Königsberg ya Wajerumani iliizamisha Pegasus ya Waingereza palepale Zanzibar, kisha ikajificha katika delta ya Rufiji. Meli kubwa za Waingereza zikabaki nje miezi na miezi, maji hayazitoshi. Severn na Mersey ndizo zilizoingia. Tarehe 6 Julai 1915 zilirudishwa nyuma, Mersey imeumia. Tarehe 11 zikarudi, ndege kutoka Mafia zikiwaelekeza wapigaji mizinga, na Königsberg ikaishia hapo.

Mizinga yake Wajerumani waliiopoa wakapigania nchi kavu. Mmoja ulipelekwa Kigoma ukafungwa kwenye Götzen, meli ya Ziwa Tanganyika ambayo leo ni Liemba. Reli ya kwenda huko ni hii yetu, kwa hiyo ulipita Dodoma. Mzee aliposikia hivyo aliweka kikombe chini.

Hakukubali, lakini. Anasema bahari kuu ingezimeza Humber zote tatu kwa wimbi moja, na ni kweli hazikuumbwa kwa bahari kuu. Ila Iowa inahitaji kina cha mita 11 hivi. Rufiji ingeingilia wapi? Manowari naipima kwa maji iliyotumwa kupigania. Leo jioni nampelekea ramani ya delta, tuendelee.