Hoteli ya ufukweni Mwanza ukiwa na watoto wadogo: ulizia bwawa kwanza

Wengi wanaotafuta hoteli ya ufukweni Mwanza, iwe Capri Point au Ilemela, huuliza bei na kama chumba kinatazama ziwa. Ukiwa na mtoto wa chini ya miaka sita, anza na bwawa la kuogelea. Lina uzio? Lina sehemu ya watoto ambayo maji hayapiti goti la mtu mzima? Kama hakuna, tafuta kwingine, hata mandhari iwe nzuri vipi.

Sababu ni kichocho. Ziwa Victoria linamwita mtoto: maji hayana chumvi na mchanga upo. Lakini vimelea vya kichocho hutoka kwa konokono wanaoishi kwenye maji tulivu ya kando, penye matete na magugu, na hupenya ngozi ndani ya dakika chache. Hutoka kwa wingi jua likiwa kali, saa zilezile watoto wanapodai kucheza. Si lazima aogelee. Kukanyaga maji ya kifundoni kunatosha, na kumkausha haraka kwa taulo si kinga ya kutegemea. Ulizia na maji ya bafuni. Kama yanavutwa moja kwa moja kutoka ziwani, yawe yamekaa kwenye tangi siku mbili kabla ya kuogewa.

Akiwa ameshaingia ziwani, usisubiri dalili. Andika tarehe, kisha mpeleke akapimwe baada ya wiki 6 hadi 8. Ukiwahi mno, mayai huenda yasionekane kwenye choo, na prazikwanteli, dawa ya kichocho, haiui vizuri minyoo michanga. Homa ni jambo jingine: apimwe malaria siku hiyohiyo.

Bwawani nako, mtoto huzama kimya, hapigi kelele. Mtu mzima mmoja awe zamu, ndani ya maji, umbali wa kumfikia kwa mkono, simu ameiacha mezani. Maboya ya kupuliza ya mikononi huchomoka, usiyaamini. Na kama huoni sakafu ya upande wenye kina, watoto wasiingie siku hiyo.

Chumbani, kagua roshani: nafasi kati ya nondo ikizidi sentimita 10, mtoto mdogo anaweza kupenya, kwa hiyo omba chumba cha chini. Mawe makubwa ya Mwanza yako hadi uani mwa hoteli, na yale ya karibu na maji huota ukungu unaoteleza. Chandarua kikunjue kabla ya giza, utafute matundu. Sindano na uzi kwenye begi vinatosha. Jioni wadudu wadogo wa ziwani wakija kama moshi, zima taa ya roshani na funga dirisha. Hawaumi, ila hujaa kwenye chakula.

Samaki agiza mapema, saa kumi na moja, maana jikoni huchukua muda na mtoto mwenye njaa hangoji. Kwa wadogo chagua mnofu wa sangara; sato ni mtamu lakini miba yake inahitaji subira.

Mkienda Kisiwa cha Saanane, hifadhi ya taifa yenye pimbi na swala, pandeni boti asubuhi kabla upepo wa mchana haujachafua maji. Kabla ya kulipa, omba kuona jaketi okozi la mtoto. Mvalishe, funga kamba zote, kisha mnyanyue kwa kushika mabega ya jaketi. Likipanda hadi masikioni, ni kubwa: ataponyoka humo akianguka majini. Dai dogo zaidi, na wasipokuwa nalo msipande.