Tabaka la Molekuli Moja na Volti ya Seli ya Jua

Kwa muda mrefu nilidhani kwamba volti ya seli ya jua huamuliwa na kifyonza mwanga peke yake, hadi nilipoanza kusoma kuhusu seli za perovskaiti, aina ya fuwele zinazofyonza mwanga vizuri, na kutambua kwamba hasara kubwa hutokea pale kifyonza hicho kinapogusana na tabaka linalopokea chaji. Katika mpaka huo, kasoro za uso huzinasa elektroni, zikaungana tena na matundu, yaani nafasi zilizoachwa na elektroni nyingine, kabla ya kufika kwenye saketi ya nje, na kila muungano wa namna hiyo huishusha volti.

Suluhisho linalonivutia zaidi lilitokana na ushirikiano wa watafiti wa Berlin na wa Kaunas, Lithuania. Molekuli zao zina upande wa asidi ya fosfoniki, unaojifunga kikemia kwenye oksidi ya indiamu na bati, yaani elektrodi inayopitisha mwanga, na upande wa karbazoli unaoelekea perovskaiti. Zikishajipanga zenyewe, huunda tabaka lenye unene wa molekuli moja tu. Tabaka hilo hupokea matundu, huzuia elektroni, tena hurekebisha kiwango cha nishati cha uso ili kilingane na cha perovskaiti. Mwaka 2020 walichapisha seli ya perovskaiti iliyowekwa juu ya silikoni, yenye ufanisi wa asilimia 29.15.

Ninalolihofia ni usawa wa tabaka lenyewe: palipokosa molekuli, perovskaiti hugusa oksidi moja kwa moja, nayo hasara hurudi palepale.