Sentensi Moja ya Afande

"Alijiunga na jeshi mwaka 1970, akastaafu mwaka 1992." Basi. Wasifu wa marehemu ulikuwa na kurasa mbili zilizojaa: ukoo wake, shule aliyosomea, mke aliyemtangulia, watoto, wajukuu, ugonjwa, shukrani kwa wauguzi. Miaka ishirini na miwili ya jeshi ilisomwa kwa pumzi moja, msomaji akageuza ukurasa.

Siwalaumu walioandika. Pale kwao Khayega walimjua kama mzee anayekuja Desemba na mikate na sukari, anakaa wiki moja, kisha anarudi Gilgil. Sisi wa Gilgil ndio tulioishi naye, na hatukuwa jamaa zake, kwa hiyo hakuna aliyetuuliza. Tulikodi matatu tukasafiri usiku kupitia Kericho na Kisumu, tukafika Chavakali kukipambazuka. Kwenye programu ya mazishi nafasi ya majirani ilikuwa ya watu wawili, na mimi sikuwa mmojawapo. Niliyotaka kusema nayaandika hapa.

Gilgil ni mji wa jeshi. Kambi ipo, lori za kijani zinapita katikati ya soko, watoto wanajua vyeo kabla ya kujua majira ya mwaka. Wanajeshi wengi wakistaafu hufunga virago wakaenda kwao. Afande alibaki. Alinunua ploti ndogo upande wa juu wa mji, akajenga vyumba vitatu vya mabati, akapata kazi ya ulinzi kwenye shule ya msingi. Watoto walimsalimia kwa saluti kila asubuhi naye aliwajibu mmoja mmoja, mkono umenyooka, hata mvua ikinyesha. Viatu vyake viling'aa mpaka siku alipolazwa. Alivipiga rangi kwa kitambaa cha pamba kilicholowekwa maji kidogo, akizungusha kidole taratibu kwenye ncha ya kiatu, duara dogo dogo, na ukimsemesha wakati huo hakujibu mpaka amalize.

Mimi nina duka la kupiga chapa na kutoa kopi karibu na stendi, na hapo ndipo nilipomfahamu. Alikuja na faili ya khaki chini ya kwapa. Nilidhani ni shida zake. Zilikuwa za mjane wa koplo mmoja waliyetumikia naye, mama wa huko Elementaita ambaye malipo ya mumewe yalikwama. Nikatoa kopi za cheti cha kifo, kitambulisho, barua ya chifu. Afande akazipanga, akahesabu kurasa, akaandika kwa penseli nyuma ya kila moja ilikotoka na tarehe. Wiki iliyofuata akaja na faili ya mtu mwingine. Sikumbuki ni lini nilianza kumpunguzia bei; najua kwamba alikataa. "Binti, hii ni kazi yako," alisema. "Mimi ndiye niliyestaafu."

Alijifunza wapi uvumilivu ule? Yeye hakuwahi kuunganisha mambo haya mawili, faili zile na siku zake za jeshini. Ninayeyaunganisha ni mimi.

Mwaka 1989 alipelekwa Namibia na kikosi cha Kenya chini ya Umoja wa Mataifa. Vikosi vya askari wa miguu vilitoka Kenya, Finland na Malaysia, na naibu kamanda wa jeshi lote la amani alikuwa Mkenya, Daniel Opande. Jambo hilo Afande alilitaja kila mara kwa fahari, kama vile wamezaliwa nyumba moja. Kazi ilipaswa kuanza kwa utulivu tarehe 1 Aprili. Siku hiyo hiyo mapigano yakazuka kaskazini kati ya wapiganaji wa SWAPO, chama kilichopigania uhuru wa Namibia, na vikosi vilivyokuwa chini ya Afrika Kusini, na kwa muda ilionekana mpango mzima utavunjika. Haukuvunjika. Uchaguzi ulifanyika kuanzia tarehe 7 hadi 11 Novemba, zaidi ya asilimia 95 ya waliojiandikisha wakapiga kura, na tarehe 21 Machi 1990 bendera ya Namibia ikapanda Windhoek.

Hayo yote yanapatikana vitabuni. Lisilopatikana ni lile la bibi mmoja. Siku ya kwanza ya kura Afande alikuwa zamu karibu na kituo, na foleni ilikuwa imeanza kabla jua halijachomoza. Bibi akaja na kadi yake ya kupigia kura imefungwa ndani ya leso, fundo juu ya fundo, kwa kuogopa isipotee. Alipokaribia mlango vidole vyake havikuweza kulifungua. Alitetemeka, watu wa nyuma wakaanza kusukuma. Akamgeukia askari aliyekuwa karibu, akamnyooshea leso. Hawakuwa na lugha hata moja kati yao. Afande alitundika bunduki begani, akavua glavu, akaanza kulifungua fundo kwa kucha. Alisema ilimchukua muda, kwa sababu hakutaka kuichana leso ya mtu. Alipompa kadi, bibi aliikagua pande zote mbili kwanza, kuhakikisha ni yake, ndipo akaingia.

Alinisimulia hadithi hii zaidi ya mara moja na haikubadilika. Habari za risasi hakusimulia. Kuhusu Agosti 1982, wanajeshi wa anga walipojaribu kupindua serikali na kikosi kizima kikavunjwa baadaye, alisema tu kwamba alikuwa na rafiki upande ule, kisha akauliza kama mashine ya kopi ina wino.

Kuna jambo jingine ambalo wasifu ungelitaja kama wangetuuliza. Januari 2016, habari za kushambuliwa kwa kambi ya jeshi la Kenya ya El Adde kule Somalia zilipotufikia, mji huu ulinyamaza. Familia nyingi hapa zina mtu jeshini, na siku zile kila simu iliyolia ilishtua nyumba nzima. Simu nyingine hazikulia kabisa, na hilo ndilo lililokuwa baya zaidi. Afande alivaa bereti yake ya samawati, akaanza kuzunguka nyumba alizojua. Hakuwa na habari yoyote ya kuwapa. Aliketi, akanywa chai, akasema "tunangoja pamoja", akaenda nyumba ya pili. Mama mmoja jirani yangu alimwambia aondoke, kwamba kumwona mtu mwenye bereti mlangoni kumemkatisha roho. Akaivua, akaitia mfukoni, akaketi nje kwenye ngazi mpaka jioni. Mwana wa mama huyo alipiga simu siku ya tatu. Yule mama alikuwa nasi kwenye matatu usiku ule, na ndiye aliyelia kuliko binti wa marehemu.

Naona tumezoea kuwaenzi wanajeshi waliokufa vitani, na ni haki yao. Kila tarehe 14 Oktoba, Siku ya KDF, yaani Jeshi la Ulinzi la Kenya, tunakumbushwa majina na mashujaa. Aliyerudi mzima, akaishi miaka thelathini akilinda lango la shule, huyo tunamwita soja na kumtuma sigara dukani. Inaniuma.

Mazishi yenyewe yalikuwa mazuri, niseme ukweli. Ngoma za isukuti zilipigwa tangu asubuhi, na fahali wa ukoo wakaletwa uwanjani kama inavyostahili mzee wa Waisukha, Waluhya wa Kakamega. Wastaafu wenzake walikuja na bereti na medali. Magoti yamechoka, mmoja ana mkongojo, lakini walipoinuka kulisindikiza jeneza hatua zilishikana bila mtu kutoa amri. Wajukuu waliacha simu zao wakatazama.

Baada ya chakula binti yake aliniita chumbani. Sanduku la chuma lilikuwa limeletwa kutoka Gilgil pamoja na mwili. Juu palikuwa na sare, chini faili za khaki, zote zimefungwa kwa uzi. Za kwake ilikuwa moja. Zilizobaki zilikuwa za watu wengine, na ndani ya kila moja kulikuwa na karatasi ya penseli inayoonyesha kazi ilipofika. Binti akaniuliza azichome au azirudishe kwa wenyewe. Nikamwomba anipe.

Ya kwanza ni ya mjane wa Subukia. Jina lake kwenye cheti cha ndoa lina herufi moja isiyo kwenye kitambulisho, na Afande aliandika pembeni: "Hati ya kiapo kwanza, ndipo barua ya chifu." Nimempigia simu leo mchana, atakuja Jumanne na nakala asilia.