Nimebadilisha usukani wa pikipiki mara mbili, na kilichoniokoa ni dekio la mke wangu

Naandika hii nikiwa na furaha na hasira kwa pamoja. Furaha kwa sababu juzi nimeendesha masaa matatu bila kusimama kukung'uta mikono kama mtu aliyemwagikiwa na uji, hasira kwa sababu hii kazi ningeimaliza mwaka jana kama nisingemsikiliza kila mwenye mdomo.

Iko hivi. Mimi ni mfupi, hilo halina mjadala, na pikipiki niliinunua kwa mtu mwenye mikono ya twiga, kama twiga angekuwa na mikono. Yeye ndo aliweka ule usukani, mpana balaa, sentimita 82 kutoka ncha hadi ncha. Nikikaa, ili nishike hendo lazima niinamie mbele, viwiko vinanyooka kabisa, uzito wote wa kifua unakuja kulala kwenye viganja. Nusu saa tu kidole kidogo na jirani yake wa pete vinaanza ganzi, ikifika lisaa sijui hata kama bado ninavyo. Baadae nikaja kuelewa kuna mshipa wa fahamu unapita pale kwenye kitako cha kiganja, upande wa kidole kidogo, sasa ukiukandamiza na mtetemo wa injini juu yake unategemea nini? Ila wakati ule mi nilijua tu uzee umeanza.

Ushauri sasa. Mmoja akaniambia ninunue glavu nene, nikanunua, ganzi ikabaki palepale na jasho juu yake. Mwingine akasema gripu za sponji, yaani zile raba za kushikia kwenye ncha za usukani. Mwingine eti vumilia mwili utazoea, huyu hata sikumjibu. Ila kuna jamaa yangu mmoja, ana pikipiki nzuri na anaongea kwa kujiamini sana, huyo ndo alinimaliza. "Kaka, wewe weka hendo ya juu. Unakaa wima, mgongo unapumzika, mikono haibebi kitu, unatembea kama mfalme." Ukisikiliza unaona ina akili. Nikaona mfalme huyo ni mimi.

Nikanunua ndefu kwelikweli, unashika mikono ikiwa usawa wa mabega. Hela yake sitaki kuikumbuka, tuseme ingenijazia tanki mara nyingi tu. Kitu kimoja nilifanya vizuri, nilipima unene. Sukani nyingi zina unene wa milimita 22 pale unaposhika, ila pale katikati zinapobanwa nyingine ni 22 na nyingine zimenenepa hadi 28.6, na zile pikipiki kubwa za kukaa kwa raha kama uko nyumbani zina za inchi moja, yaani 25.4. Ukikosea hapo klampu haibani au haifungi kabisa. Mimi yangu ni 22 kote, nikapima na kalipa, kile kifaa cha kupimia unene, nikajipongeza, nikadhani nimeshamaliza fikra zote zinazohitajika.

Kufungua wa zamani sina haja ya kuelezea, ni bolti nne na uvumilivu. Kufunga ule mrefu ndo ikaanza vita. Waya wa klachi umefika kwa kuvutwa. Paipu ya breki imenyooka kama kamba ya kuanikia nguo. Waya wa eksileta nikaupitisha njia ya mkato, juu ya taa badala ya kule ulikokuwa umepita, ukafika, nikafurahi. Fundi mmoja alikuwa anapita akaangalia akasema "bosi, hizi waya fupi", nikamwambia zitalainika. Zitalainika! Waya wa chuma!

Sasa sikia. Nikawasha, inanguruma vizuri, nikatoka taratibu, moja kwa moja mambo safi, upepo tu ndo unanipiga kifuani kama nimeshika tanga la jahazi. Nikafika mahali nikataka kugeuza. Nikakata kona kushoto, usukani ulipokaribia mwisho injini ikapandisha yenyewe, wuuuuu, mi sijagusa kitu! Nikashtuka, unajua mtu akishtuka anafanyaje, anakamata kwa nguvu, na mkono wa kulia ndo una eksileta, kwa hiyo nikaongeza mafuta kwa mkono wangu mwenyewe juu ya yale ambayo pikipiki ilikuwa imeshajipa. Tukaingia kwenye majani mimi na ufalme wangu. Sikuumia, tairi ya mbele ilizama kwenye matope ikasimama, ila kulikuwa na watoto wameangalia mwanzo mwisho na mmoja akaniuliza "mjomba, unajifunza?"

Kilichotokea ni hiki. Ule waya una ganda la nje na uzi wa ndani. Ukikata usukani na waya ni mfupi, ganda linavutwa, uzi wa ndani unajikuta umevutwa pia, ni sawasawa na wewe umenyonga eksileta. Na klachi hivyohivyo, ukivutwa inaanza kuachia nusunusu, unachoma sahani zake bila kujua. Kwa hiyo kabla hujatoka nje, pikipiki ikiwa imesimama kwenye stendi, gia ikiwa frii, iwashe, geuza usukani mpaka mwisho kushoto, mpaka mwisho kulia, sikiliza. Sauti isibadilike hata kidogo. Ikipanda, usitoke. Hiyo dakika moja ingeniokoa na swali la yule mtoto.

Nikaurudisha wa zamani. Na ganzi yangu ikarudi.

Usiku mmoja nimekaa juu ya pikipiki ndani ya uwanja, imezimwa, nafikiria tu. Nikafumba macho nikaachia mikono ikae inapotaka yenyewe. Mabega chini, viwiko vimekunja kidogo, mikono mbele. Nikafumbua macho. Viganja vyangu viko hewani, sentimita kadhaa nyuma ya hendo! Kimo kilikuwa karibu sawa kabisa. Yaani shida haikuwa kimo hata siku moja, shida ni umbali. Na upana nao ulikuwa unachangia, maana kadiri unavyotanua mikono ndivyo inavyoishiwa urefu, jaribu hapohapo ulipokaa utaona.

Sasa hapa ndo najisifu, mniruhusu. Nikaenda ndani nikachukua dekio, nikatoa kile kitambaa, nikabaki na mti wake. Nikaufunga kwa mipira ya tyubu kuukuu juu ya usukani wa zamani, mmoja kushoto mmoja kulia, ule mti ukawa unaninginia nyuma ya hendo na naweza kuusogeza. Nikakaa, nikafumba macho, nikaachia mikono, nikaushika pale ilipoangukia. Mke wangu akatoka. Akaniangalia nimekaa gizani juu ya pikipiki iliyozimwa, nimefumba macho, nimeshika dekio lake. Akasema tu "baba nanihii, njoo ulale." Nikamwambia niletee futi ya kupimia. Akaleta, Mungu ambariki, na akapima yeye kwa tochi ya simu huku anacheka. Tukarudia mara tano, kila mara nashuka naanza upya, maana mara ya kwanza mwili unadanganya, unataka kushika ulipozoea. Mara tatu za mwisho zikatoka karibu sawa: sentimita 4 nyuma zaidi, sentimita 2 tu juu, na upana kama 74 badala ya 82.

Sentimita mbili! Na mi nilikuwa nimenunua kitu cha kufika mabegani.

Kabla sijanunua tena nikajaribu vya bure, na hivi nashauri uanze navyo hata kama huna mpango wa kubadili chochote. Legeza klampu uuzungushe ule ule wa zamani kuja kwako kidogo, mi ilinipa kama sentimita moja na nusu, ila ukizidisha ncha zinalala chini na kiwiko kinakubana mbavuni. Afu leva, vile vyuma vya breki na klachi unavyovuta kwa vidole. Za kwangu zilikuwa zimeelekezwa juu, kila nikishika breki kifundo cha mkono kinavunjika kwenda nyuma. Kaa kama unaendesha, nyoosha vidole, viwe mstari mmoja na mkono kuanzia kiwikoni, leva iwe inapokea vidole hapohapo. Dakika tano, spana moja. Ganzi ilipungua nusu siku ileile, na hakuna hata mmoja kati ya wale washauri wangu aliyewahi kunitajia leva.

Usukani wa pili nilipata wa mtumba, wa alumini, umerudi nyuma vizuri lakini una upana wa 78. Nikaukata, sentimita mbili kila upande, na msumeno wa chuma na ile klipu ya kufungia paipu nimeifunga kama rula ili nisikate mshazari. Pima kwanza kama ukikata bado swichi, leva na gripu vyote vitaenea kabla ya kona ya bomba, maana ukishakata hakuna kurudisha. Wa zamani ulikuwa wa chuma na ulikuwa mzito, na vile vizito vya mwishoni navyo nilivihamisha, usivitupe, vile ndo vinakula mtetemo.

Kosa langu la pili liko hapa na bado linaonekana mpaka leo. Ndani ya kile kiboksi cha swichi kuna kijino kidogo cha plastiki, kinaingia kwenye tundu la usukani ili kiboksi kisizunguke. Usukani mwingine hauna tundu. Nikauliza, nikaambiwa "kikate tu hicho kijino, bana kwa nguvu." Nikakikata upande wa kulia. Siku ya kwanza tu naongeza mafuta, kiboksi kizima kinazunguka na mkono wangu, nanyonga eksileta nageuza na swichi ya kuzimia! Ikabidi nizungushie mpira mwembamba wa tyubu ndani ndo kikashika. Upande wa kushoto nikaona nisirudie ujinga, nikatoboa. Weka kila kitu mahali pake kwanza, kaa juu, hakikisha, weka alama, ndo utoboe tundu dogo upande mmoja tu wa bomba, usipitilize. Mimi niliweka alama nikiwa nimesimama pembeni. Kwa hiyo indiketa yangu ya kushoto imeinama kama mtu anayechungulia dirishani, na honi naitafuta kwa kidole gumba kila siku.

Kikopo cha mafuta ya breki ukikitoa usikilaze, kifunge na kamba kikae wima muda wote, hewa ikiingia kwenye paipu breki inakuwa sponji na utaanza kazi nyingine ambayo hukuipanga. Na funika tanki na blanketi kuukuu, mafuta ya breki yanakula rangi. Nina alama moja ya ukubwa wa kifungo hapo mbele, iliyobaki kutoka kwenye vita vya ule usukani mrefu. Gripu zinatoka kwa maji ya sabuni na kijiti chembamba, zinaingia kwa ile dawa ya kupuliza nywele, inateleza ikiwa mbichi ikikauka inanata. Mtu asikwambie upake oili, labda kama unataka kubaki na gripu mkononi na pikipiki ikaendelea na safari.

Klampu za kwangu zina kialama cha nukta, kinakaa mbele, unafunga bolti za mbele kwanza mpaka pakutane, ndo za nyuma, na nyuma panabaki mwanya kidogo, usihangaike kuuziba. Kitabu cha pikipiki kinataja kipimo cha kukaza, mi kwangu Nm 24, nikaazima spana ya kupimia. Fundi aliyepita akasema yeye anakaza kwa kusikia. Asikie tu.

Waya zilitosha zote bila kubadili hata mmoja, kwa sababu usukani umekuja nyuma na haujapanda sana. Nikapima kushoto, kulia, injini imetulia tuli. Tanki haliguswi, vidole havibanwi kati ya leva na tanki ukikata mpaka mwisho, hiyo nayo angalia. Kona za taratibu zimekuwa nzito kidogo kuliko kwenye usukani mpana, hilo sikufichi, siku mbili tatu nilikuwa naona kama inanikatalia.

Mti wa dekio umebaki na alama nyeusi za tyubu ambazo hazitoki, na nakumbushwa kila jumamosi. Ule usukani mrefu tumeufunga nyuma ya mlango wa bafu, unabeba taulo nne bila wasiwasi. Yule jamaa yangu wa ufalme alikuja wiki iliyopita akauona pale, akaniuliza kama nauza, anataka kuujaribu kwenye yake. Nikamwambia una kazi.