Makinga maji yalibomoka kila mvua: jinsi tatizo lilivyoisha

Dalili: shamba la mteremko, udongo wa juu umekwisha, mbolea inaishia bondeni, na kila mvua kubwa inapasua tuta palepale. Kuinua tuta hakukusaidia. Mawe nayo yalisombwa. Chanzo: mstari wa tuta ulipimwa kwa macho, hivyo maji yalikusanyika sehemu ya tuta iliyokuwa chini zaidi.

Dawa ni fremu A, kifaa cha kupimia mstari wa usawa: miti miwili ya mita 2 iliyofungwa kileleni, mmoja wa kukingama, na kamba yenye jiwe inayoning'inia kutoka kileleni. Hapa ndipo wengi hukosea: usikisie katikati ya mti wa kukingama. Simamisha fremu, weka alama kamba inapogusa mti huo. Geuza ili miguu ibadilishane nafasi zilezile, weka alama ya pili. Usawa upo katikati ya alama hizo. Upepo ukivuma, subiri. Jiwe likiyumba kipimo ni bure.

Kisha chimba mtaro wa sentimita 60 kwa 60 kufuata mstari wa usawa uliopimwa kwa fremu, udongo utupe upande wa juu, ukiacha ukingo wa sentimita 20 ili tuta lisirudi mtaroni. Panda matete juu ya tuta mapema: hushika udongo na kulisha ng'ombe. Mbolea sasa inabaki shambani, kwenye mimea iliyowekewa.